Sarafu ya Didio na Kidevu cha Kinyozi

Wasomaji walioniandikia wiki iliyopita kuniita mwongo, nawashukuru, ila mmechelewa. Nilishaitwa hivyo na bibi wa miaka themanini na sita, mbele ya askari, na leo nawasimulia siku yenyewe ilivyokuwa.

Aliyekosa sehemu za nyuma asihangaike kutafuta magazeti ya kufungia samaki. Mimi ni Settimio Frattali, kinyozi wa Testaccio, hapa Roma. Duka langu lina viti viwili, kioo kimoja chenye ufa, na juu ya mlango pameandikwa jina la aliyelifungua, babu yangu mzaa mama: DUILIO MORICONI, KINYOZI. Mwenye nyumba anakiuza chumba. Ama nikinunue mimi kabla mwezi haujaisha, ama anang'oa kibao cha babu na kuweka vitanda vya watalii.

Nilikuwa nimeshakata tamaa, mama yangu Argia alipopanda juu ya kiti, akashusha mkebe wa kakao kutoka juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya dhahabu, imeviringishwa kwenye kikaratasi kimoja cha njano kilichochakaa.

"Babu yako aliniusia kabla hajakata roho," alisema. "Mfalme huyu na nguo yake wasiachane."

Nguo yenyewe ndicho kile kikaratasi. Nikajibu ndiyo mama, kama tunavyowajibu wazee wote tukiwa hatuwasikilizi.

Kikaratasi nikakitupa kwenye droo ya duka bila kukitazama, sarafu nikaipeleka kwenye nyumba ya mnada, kwa mtaalamu wao, Dottoressa Tancredi, maana wasomi wa kike huitwa hivyo kwetu, mwanamke mwembamba anayeongea taratibu kana kwamba kila neno limewekewa bima. Aliiweka chini ya taa, akaigeuza, kisha akasema sura ile ni ya Didio Giuliano. Nikamwuliza huyo anachezea timu gani.

"Alikuwa mfalme wa Roma," alisema, "kwa siku sitini na sita."

Kisa chake nilikisimulia wiki iliyopita, lakini ni kitamu na sichoki. Mwaka wa 193, askari walinzi walimuua mfalme wao, wakapanda juu ya ukuta wa kambi na kuunadi ufalme. Mwenye bei ajitokeze! Mzee mmoja alikuwa ndani ya kambi, akafika sestersi, fedha ya enzi hizo, elfu ishirini kwa kila askari. Didio alikuwa nje, kwenye vumbi, amezuiwa mlangoni. Akapaza sauti na kunyoosha vidole: naongeza elfu tano! Wakamfungulia mlango. Siku ya sitini na sita askari mwingine akamkata kichwa, naye anasemekana aliuliza, "Nimekosa nini? Nimemuua nani?"

Katika siku hizo chache aliwahi kufua sarafu. Upande mmoja ni yeye na ndevu ambazo hazijawahi kuona kinyozi wa maana. Upande wa pili kuna mwanamke ameshika bendera mbili za jeshi, na maneno: Umoja wa Askari. Nilicheka hadi Dottoressa akaivuta sarafu upande wake.

"Kianzio ni euro elfu sitini," alisema. "Ikiwa na nasaba, itapita laki moja."

"Nasaba?"

"Ilikuwa kwa nani, na kabla ya hapo kwa nani. Sarafu isiyo na nasaba ni mtoto wa kuokota, bwana Settimio. Na kwa sheria yetu kinachookotwa ardhini ni cha serikali. Je, una hati?"

Chumba cha duka kinauzwa elfu tisini. Nikasema ninayo. Hapo ndipo mlipolifunga gazeti mkinitukana.

Basi hati nikaenda kuitafuta kwa Nando.

Nando ni mteja wangu wa miaka mingi. Kila Jumapili anauza vitabu vikuukuu kwenye gulio la Porta Portese, na pembeni, kwa watalii, anauza sarafu za Julio Kaisari zilizofuliwa Jumatano. Nilimwekea picha ya Didio mezani. Akavua miwani, akavaa nyingine, akaingia chini ya turubai lake na kutoka na kitabu kizee chenye picha za hazina za wakubwa wa Roma, kilichochapwa mwaka 1931.

"Sarafu za kale ziligongwa kwa nyundo, moja moja," aliniambia huku akilamba kidole na kufunua kurasa. "Kingo zake ni kama masikio ya watu, hakuna wawili sawa. Yako ina ufa hapa, mkabala na pua. Unauona?"

"Nauona."

"Basi tazama."

Nikatazama. Ufa uleule, mkabala na pua ileile.

"Settimio, mtoto wako wa kuokota ana baba!" Nando alipiga meza, masanduku yakaruka. "Markizi Ildebrando Santacolomba. Mwinyi wa ukoo mkubwa, na hii ni hazina ya nyumbani kwake. Sasa hapo tatizo liko wapi? Babu yako aliinunua kwa Markizi. Tunaandika."

"Kwani kweli aliinunua?"

"Wewe unajua alivyoipata?"

"Sijui."

"Basi unabisha nini?"

Ana mashine ya chapa ya zamani, ile ya kugonga, ambayo herufi yake ya a inaruka juu kama mbuzi. Akaandika kwamba yeye Duilio Moriconi, kinyozi, ameinunua sarafu ile kwa fedha taslimu kutoka kwa Markizi Santacolomba. Sahihi akaitia kwa mkono wa kushoto, ili ionekane ya zamani.

"Mwaka gani?" aliuliza.

"Chagua wewe."

"Elfu moja mia tisa thelathini na nane. Hakuna aliyebaki hai wa kubisha."

Nilimlipa kwa kumnyoa bure hadi Pasaka. Dottoressa alipoisoma barua macho yalimng'aa, makadirio yakapanda hadi laki moja na elfu kumi, na Didio wangu akachapwa ukurasa mzima kwenye kitabu cha mnada: namba 214, kutoka hazina ya Markizi Santacolomba. Mama akainunulia picha ile fremu.

Mnada ulikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri. Saa mbili asubuhi ya siku hiyo Dottoressa alinipigia simu, akaniomba nifike saa nne.

"Kuna jambo dogo la nasaba," alisema.

Mimi nilielewa kwamba wanataka kunipiga picha. Kwa hiyo nikasimama mbele ya kioo cha babu ninyoe ndevu.

"Nenda kwa mwenzako wa pale kona akunyoe," mama alisema, akifagia. "Kinyozi hajinyoi."

"Mama, nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii."

"Na akijinyoa hujikata," mama alimalizia, akaendelea kufagia.

Nilijikata. Si kidogo. Mkono ulikuwa na furaha nyingi, wembe ukaingia kidevuni na damu ikaanza kushuka shingoni kuelekea shati langu la harusi.

Vinyozi tunajua dawa yake: kipande cha karatasi, ukilambe, ukibandike. Lakini karatasi za siku hizi zinalowa na kubomoka. Inayoshika damu ni karatasi ya zamani, iliyolegea kama kitambaa. Nikapapasa droo, na mkono ukakuta kile kikaratasi cha njano. Nikachana pembe, nikailamba, nikabandika. Damu ikakoma palepale. Kilichobaki nikapangusia povu la wembe, nikatupa kwenye ndoo ya taka.

"Kile kikaratasi cha babu kiko wapi?" mama aliuliza nilipokuwa navaa koti.

"Nakwenda nacho, mama."

Na kwa kadiri ya kidevu changu, sikusema uongo.

Nyumba ya mnada iko kwenye jumba la ghorofa tatu lenye ngazi za marumaru. Ghorofa ya chini walikuwa wakipanga viti na kujaribu vipaza sauti. Nikapelekwa juu. Nilitegemea mpiga picha na kahawa. Nikamkuta Dottoressa amesimama, uso mweupe kama chokaa; askari wa kikosi cha mali ya kale, Maresciallo Iannone, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni; na kwenye kiti cha kifalme, bibi kizee mwenye fimbo ya kichwa cha fedha.

"Ndiye huyu?" bibi aliuliza.

"Ndiye, Markiza," Dottoressa alijibu.

"Ana masikio ya watumishi."

Ndipo nikatambulishwa. Markiza Olimpia Santacolomba, binti wa Markizi Ildebrando, mwenye Didio. Kitabu cha mnada kilikuwa kimemfikia nyumbani kwa posta kama kinavyomfikia kila mwaka.

Nando na hesabu zake za walio hai!

"Keti, bwana Frattali," askari alisema. "Barua yako inasema babu yako alinunua mwaka 1938."

"Ndiyo, afande."

"Kwa fedha taslimu."

"Alikuwa mtu wa kuweka akiba."

Akatoa picha kwenye jalada. Mzee wa ndevu zilizochongwa vizuri, na nilijua mara moja ni mkono wa nani uliozichonga, ameketi sebuleni. Kwa vidole viwili ameinua sarafu mbele ya kamera. Kwenye goti lake kuna msichana mwenye utepe kichwani. Nyuma ya picha pameandikwa: Krismasi, 1941.

"Kalikula keki yangu hako kajamaa ka picha," Markiza alisema. "Nakakumbuka vizuri. Nilikuwa na miaka minne."

"Afande, labda mwaka umekosewa kidogo."

"Labda," alisema Maresciallo, kwa upole ule unaotisha kuliko makelele. Akatoa karatasi nyingine. "Februari 1944, Markizi aliripoti kuibiwa. Sarafu moja ya dhahabu ya Didio Giuliano. Anamshuku mtu ambaye, nasoma hapa, 'huingia nyumbani mwangu kila asubuhi na kunishika uso.'"

Wote watatu wakaitazama mikono yangu.

"Daktari wa meno?" nilijaribu.

"Kila asubuhi?" alisema Markiza. "Kinyozi, hata kudanganya hujui."

Maresciallo akaweka kalamu mezani. "Nitakueleza ulivyo, bwana. Ukisema barua ni ya kughushi, huna hati ya kuonyesha sarafu ilikufikaje, serikali inaizuia, na wewe una kesi. Ukisema barua aliiandika babu yako mwenyewe, basi aliandika uongo kuficha wizi wa mwaka 1944, sarafu inarudi kwa Markiza, na wewe huna kosa la kughushi. Mjukuu hafungwi kwa wizi wa babu."

"Hakuna njia ya tatu?"

"Ipo. Lete karatasi ya kweli."

Nikamkumbuka Didio. Nimekosa nini? Nimemwibia nani? Nilikuja kulinunua duka la babu, na sasa bei ya kukwepa kesi ni kumfanya babu mwizi. Hata kama ningenusurika kwa njia hiyo, ningenyoa vipi watu chini ya kibao chenye jina lile? Na mama ningemwambia nini? Mama ambaye kila Jumapili anapanga foleni makaburini na maua ya Duilio, anampangusia jiwe lake kwa leso yake mwenyewe.

Simu ya Maresciallo ikalia. "Samahani, ni mkubwa wangu," alisema, akatoka nje kwenye ujia na kufunga mlango.

Dottoressa, tuseme ukweli, alinihurumia. Akanimiminia maji, akanyoosha glasi, kisha mkono wake ukaganda njiani.

"Bwana Settimio. Una nini kidevuni?"

"Nimejikata. Usijali."

"Hiyo karatasi. Usisogee."

Akaweka glasi mezani. Akachukua kioo cha kukuzia na kibano cha kushikia sarafu, akainama usoni pangu hadi nikanusa marashi yake. Miaka arobaini na tisa nimeishi, ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazamwa kama kitu chenye thamani. Akachovya kidole kwenye maji, akalowesha, akabandua polepole, akakilaza kipande kwenye kisahani chenye kitambaa cheusi.

"Wino wa zamani," alinong'ona. "Mwandiko wa mkono. Umeipata wapi?"

"Ilikuwa nguo ya mfalme."

"Nini?"

Nikamweleza mkebe wa kakao, wosia wa babu, droo na wembe. Kila neno lilimkunja uso kama mtu anayemwona mwenzake akimwaga divai ya zamani kwenye sinki.

"Bwana Settimio," alisema, "watunza sarafu wa zamani waliandika kila sarafu kikaratasi chake, kwa mkono wao wenyewe, wakakilaza chini yake. Imetoka wapi, imekwenda kwa nani. Kikaratasi kama hicho ndiyo nasaba yenyewe. Hakuna barua ya mashine inayofua dafu mbele yake. Wewe umetupa nasaba ukaniletea takataka."

"Kimeandikwaje?"

Akainamisha kioo. "'...kinyozi wangu Duilio, kwa gunia moja la unga...' halafu kuna damu yako. Halafu sahihi, nusu: 'I. Santac...'"

Niliruka kutoka kitini. Gunia la unga! Nikataka kucheka, nikataka kulia. Baridi ile ya vita, Roma nzima ina njaa, Markizi ana mfalme wa dhahabu asiyelika, na babu yangu ana mteja wa kinu cha unga. Didio Giuliano, aliyeununua ulimwengu kwa sestersi elfu ishirini na tano kwa kila kichwa cha askari, amekuja kuuzwa kwa kilo hamsini za unga. Na babu hakuiba hata punje!

"Kipande kingine kiko wapi?" Dottoressa alinishika mkono. "Hiki peke yake kina nguvu, lakini tarehe iko huko, na jina la mfalme. Kiko wapi?"

Nikampigia mama.

"Mama, ndoo ya taka ya dukani. Usiimwage."

"Nimeshaimwaga, mwanangu."

"Iko kwenye pipa la nje?"

Hapa lazima mjue kwamba pipa letu la nje lilikuwa halijazolewa siku ishirini na tatu. Nguruwe pori walikuwa wameanza kuja mtaani kula, na kuna jirani aliyewapa majina. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliishukuru manispaa kwa uvivu wake.

"Settimio, hutaamini!" mama alipaza sauti kwa furaha. "Mungu ni mkubwa! Gari la taka limepita! Sasa hivi, dakika tano hazijaisha! Wamezoa kila kitu, hata godoro la Nando. Watu wamepiga makofi barabarani."

Niliegemea ukuta.

"Mwanangu? Mfalme yupo na nguo yake?"

"Sehemu yake, mama," nikasema, nikakata simu.

Muda wote huo Markiza alikuwa ameketi, mikono yote miwili juu ya fimbo. Sasa akanyoosha mmoja.

"Nipe," alisema.

Dottoressa akasita.

"Nipe, binti. Huo ni mwandiko wa baba yangu. Au nyumba hii imeacha kuniamini?"

Akapewa kisahani. Akavaa miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, akakisogeza kipande karibu na pua. Alisoma maneno yale machache kwa muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu kusoma gazeti zima. Akayarudia tangu mwanzo, na mimi, mjinga wa mwisho hapa Roma, nikamwonea huruma.

"Februari ile," alisema, lakini hakuwa akisema nasi, "tulikuwa tumekula hadi balbu za maua ya bustani. Mama ameuza mapazia. Mdogo wangu hakuwa na nguvu ya kulia. Siku moja baba aliingia na unga. Mweupe. Alisema ni zawadi ya maaskofu, wamemkumbuka kwa heshima ya ukoo wetu. Mama alipiga magoti sebuleni. Nilikula mkate kitandani, nikaficha ganda chini ya mto, nikaamka usiku kulinusa."

"Basi unajua, Markiza," nikasema taratibu. "Babu yangu hakuiba."

"Najua."

"Mdogo wako alipona?"

"Alipona. Alikufa mwaka juzi, mnene."

"Basi mwambie askari."

Akainua macho. Machozi yalikuwepo, siwezi kumsingizia, lakini yalikuwa yanakauka upesi.

"Nimwambie nini? Kwamba Markizi Santacolomba alimwuza mfalme wa Roma kwa kinyozi ili apate mkate? Kwamba kisha, mkewe alipoikuta droo tupu, baba yangu akamsingizia wizi mtu aliyemlishia watoto?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

"Nyumba yetu ina miaka mia saba, kinyozi. Duka lako lina mingapi?"

"Themanini na tisa."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba nimemtajia bei aliyoitegemea. Kisha akakishika kile kipande kwa vidole viwili, vilevile alivyoshika baba yake kwenye picha, akakiweka kwenye ulimi kama apokeaye komunyo. Akafumba mdomo. Akatafuna mara tatu. Akachukua glasi ya maji niliyomiminiwa mimi, akashushia.

Kile kipande kilikuwa na damu yangu. Watu hawa wamekula jasho letu miaka mia saba, huyu akaona asife bila kuonja na damu.

"Amekula!" nikapiga kelele. "Dottoressa, amekula! Umeona!"

Dottoressa Tancredi alikuwa amegeukia dirishani. Kule nje hakukuwa na kitu ila njiwa mmoja na paa la vigae. Kwa miaka hamsini nyumba ile ya mnada imekuwa ikiuza meza, picha na vyombo vya akina Santacolomba, kimoja kimoja kila majira, na inasemekana bado wana vyumba kumi na vinne ambavyo havijaguswa.

"Dottoressa, umeona?"

"Kuona nini, bwana Settimio?" alimwuliza njiwa yule, maana mimi hakunitazama. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Ulishika kioo! Ulisoma! Gunia la unga!"

"Nilikutoa karatasi kidevuni," alisema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa umejikata."

Mlango ukafunguliwa. Maresciallo Iannone akaingia, akarudisha simu mfukoni, akavuta kiti na kuchagua kalamu ya tatu kati ya zile nne.

"Samahani kwa kuwachelewesha. Tumefikia wapi?"

"Nilikuwa nampa kinyozi nafasi ya kufikiri," alisema Markiza.

Kidevu kikaanza kuvuja tena. Tone la kwanza likaanguka mezani juu ya barua ya Nando, kwenye sahihi ya mkono wa kushoto. Sikuwa na karatasi ya kubandika, na hakuna aliyenipa. Kutoka ghorofa ya chini ilipanda sauti ya dalali akijaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili.

"Basi tuandike," askari alisema. "Babu yako. Jina kamili?"

"Duilio Moriconi."

Akaliandika polepole, kwa herufi kubwa, kama lilivyo juu ya mlango wetu.

"Alinunua au aliiba?"

Markiza akaweka glasi tupu mezani, akajipangusa midomo kwa leso, akanitazama kwa hamu ya mtu aliye mnadani, anayengoja kusikia mwenzake atapanda hadi wapi.